Bibi Afya na Wifi Yangu

Wifi yangu Divine ana wivu, wala simsingizii. Sasa fikiria mumewe, kaka yangu Fidele, mlinzi wa nyumba za wageni kule hifadhini, anapangiwa kutega panya pamoja na bibi afya kijana, Careen, aliyehamishiwa Kibondo kutoka Moshi.

Wageni walikuwa wameugua homa ya mgunda, mmoja baada ya mwingine. Panya walikojoa kwenye stoo ya maji, tenki likavuja, sakafu ikalowa, na wageni wakapita humo pekupeku kwenda kuoga. Ukiwa na mchubuko tu, ugonjwa umeshaingia. Nyumba zikafungwa. Kila jioni Fidele alirudi na habari ile ile: Careen kasema hivi, Careen kanasa panya mkubwa hivi. Divine alisonga ugali wa muhogo kimya, na kimya chake mimi nakiogopa kuliko matusi.

Siku ya gulio akaniaga kwamba anakwenda Mabamba. Mwongo! Alipanda bodaboda mpaka hifadhini. Aliporudi alinililia.

"Wifi, nimemwona kwa macho yangu. Anakula maharage niliyompikia mume wangu! Na wanacheka!"

"Walishikana?"

"Wanacheka, nakwambia!"

Nilimwambia maharage hayajavunja ndoa ya mtu. Alininunia.

Kabla mwezi haujaisha, homa ikamwangusha. Kichwa kilimgonga, macho yakawa mekundu, misuli ya miguu ikamuuma hata hakutaka kuguswa. Hospitali wakampima malaria, hana. Careen akaja wodini, akainama kitandani.

"Dada Divine, uliwahi kufika kule hifadhini?"

Fidele akamjibia. "Oya, huyu hatoki nyumbani."

Divine akafumba macho. Alikuwa radhi afe kuliko kuaibika mbele ya yule mwanamke. Hasira zilinipanda.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie. "Na mimi sikuziki kwa ajili ya maharage!"

"Maharage gani?" Fidele akauliza.

Divine alilia kwanza. "Nilikwenda. Nilijificha stoo, niwasikilize."

Careen hakucheka. Angecheka, ningemzaba kibao. "Miguuni ulivaa nini?"

"Nilivua viatu. Mngenisikia."

Careen akatoka mbio kumwita daktari. Walimtundikia dripu hapo hapo, bila kusubiri vipimo vingine, na daktari akasema tungechelewa kidogo tu, figo zingekwisha. Fidele alibaki ameegemea ukuta. Nilimhurumia, na bado nilitaka kumpiga.

Ikabaki dawa moja ya kununua nje.

"Fidele, twende dukani tukaichukue," Careen akasema.

Kaka akapiga hatua. Divine, ambaye tangu asubuhi hakuweza kushika hata kikombe, akamkamata shati.

"Wewe kaa hapa. Aende mwenyewe."