Mkanda wa Mama Albertine

Falone aliushona mkanda ule kwa mikono yake, na mtu asije akaniambia ni mashine iliyotoka Ulaya. Kitenge kilichoshonwa mara mbili, ndani yake kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, betri na kidude cha kuhesabu mapigo ya moyo. Mkulima aliye peke yake akianguka, akalala dakika kumi bila kutikisika, mkanda unapiga kelele mpaka watu wa mashamba ya jirani wasikie. Miaka miwili walihangaika nao chuoni, pale Kindu, yeye na Profesa Ferdinand.

Wa kuujaribu akawa mama yake, Mama Albertine, mwenye shamba la mihogo njia ya Kailo. Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Sasa mimi njo mashine yenu? Haya, funga."

Shida ikaanza hapo. Siku ya kwanza kompyuta ya mkanda iliandika kwamba mkanda umepiga kelele saa nne asubuhi. Siku ya pili, saa nne. Ya tatu, vilevile. Lakini majirani hawakusikia kitu, na kila jioni Mama alirudi mzima, kapu la sombe, yale majani ya mihogo, kichwani, akiuliza kama chumvi iko.

"Mama, ulianguka?"

"Nianguke wapi? Kitu yako njo iko na wazimu."

Na huyu msichana, na masomo yake yote, akaamini! Akaufumua mkanda, akalehemu nyaya upya, akauvaa mwenyewe na kulala sebuleni kuupima. Mzima kabisa. Akaurudisha kiunoni mwa Mama, na saa nne ukapiga kelele.

Alhamisi asubuhi Profesa akachoka. "Kesho wanakuja wanaotulipia mradi. Uniletee sababu ya kelele hizi, la sivyo tunafunga."

Ndipo Falone alipofungua ukurasa ambao hakuwa ameutazama, ukurasa wa moyo. Kila siku saa nne mwili umelala, na moyo unakwenda mbio kama wa mtu anayekimbizwa. Hofu ya mradi ilimtoka palepale, ikabaki ya mama yake. Saa nne ilikuwa inakaribia; akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, mpaka shambani.

Alimkuta kwenye pembe ya shamba isiyolimwa, amelala ubavu juu ya mkeka, kitenge kichwani, vile wanawake wanavyolala chini kwenye matanga. Mkanda ulikuwa unapiga kelele. Mama ameuviringishia nguo, ameugandamiza kwa viganja viwili, anaunong'oneza, "Nyamaza, nyamaza, watatusikia."

"Nani atatusikia, Mama?"

Mama hakushtuka. "Dieumerci iko hapa," alisema.

Falone alijua kaka yake Dieumerci alikufa kwa homa wakati wa vita, kabla yeye hajazaliwa. Mahali alipozikwa hakuambiwa. Sasa akaambiwa: siku nne walijificha humu mihogoni, askari wakipita barabarani, na siku ya nne, jua la saa nne, mtoto akakata roho mikononi mwa mama yake. Baba alichimba kwa vidole. Wanawake waliokuwa nao wakamziba Mama mdomo.

"Mutoto yangu tulimuzika kimya," Mama alisema. "Hakuna matanga, hakuna muntu alipiga yowe. Vita ikaisha, wakasema tushukuru tuko wazima. Sasa nianze matanga na nani? Njo nafanya yangu hapa, kidogo kidogo."

Falone akanyoosha mkono azime mkanda, Mama akamkamata kifundo. Kisha mwenyewe akaondoa nguo na viganja vyake.

"Acha. Ipige kelele."

Ukapiga. Majirani wakaja mbio na majembe yao, wakihema, kama mkanda ulivyotengenezwa kuwaita. "Kuna nini? Mama Albertine, kuna nini?"

"Mutoto yangu amekufa," alisema Mama.

Wakamtazama Falone aliye hai pale, wakatazama mkeka na ile pembe isiyolimwa. Mzee Tambwe, aliyekuwepo miaka ile, akavua kofia. Wanawake wakatupa majembe, wakashika vichwa, na yowe likapanda juu ya mihogo. Mama akalia, jamani, akalia mpaka sauti ikaisha.

Ijumaa Falone alifika chuoni akiwa amechelewa, macho yamevimba.

"Sababu iko?" Profesa aliuliza.

"Mkanda hauna kosa. Tulikuwa na matanga ya kaka yangu."

"Oo, pole, pole sana. Amefariki lini?"

"Tisini na nane," alisema Falone.