Sanduku Lililokaa Katikati

Nilikishika kidole cha shahada cha baba yangu, nikakiongoza taratibu juu ya matundu ya sanduku mpaka kikagusa kiwaya chekundu, kifupi kama njiti ya kiberiti. Meneja wa ghala alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni, na nje malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, madereva wakipiga honi za watu waliochoka kulalamika kwa mdomo. Baba alikipapasa kile kiwaya, akasita, akakipapasa tena. Pumzi yake ilibadilika nikaisikia.

Sanduku lenyewe ninalo mpaka leo, juu ya kabati la ofisini kwangu, na vijana wanaonitembelea hudhani ni cherehani ya kubeba mkononi. Siwalaumu. Kwa nje lina mpini, vibana viwili vya chuma na uzito wa kukuvuta bega. Ukilifungua unakuta vibonye vya kuandikia, skrini ndogo ya maandishi ya kijani, na safu ya vitaa na matundu. Enzi zile mashine zilitumiana maneno kwa kebo, herufi moja nyuma ya nyingine, na zikikosa kuelewana kila upande uliona kosa ni la mwenzake. Ndipo fundi alipochomeka sanduku katikati yao, akasoma kwenye skrini huyu kasema nini na yule kajibu nini.

"Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza tu," Baba aliniambia nikiwa bado navaa sare ya shule. "Ukiona limeanza kusema, ujue kuna fundi aliyeliambia liseme."

Kwa kuwa kusema pia lilijua. Katika kebo za wakati huo kulikuwa na waya mmoja ambao kazi yake ilikuwa kutoa habari kwamba huku niko tayari, tuma. Ukiunganisha matundu mawili ya sanduku kwa kiwaya, sanduku linatoa habari hiyo kwa niaba ya mashine iliyonyamaza, na mwenzake anatuma bila kujua kwamba aliyemjibu ni mwingine.

Nyumbani kwetu kazi hiyo aliifanya Mama.

Nilikuwa nimefanya kazi na Baba tangu nilipomaliza shule, katika karakana yake iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba. Siku moja mteja aliuliza kama mimi ningeweza kwenda peke yangu kumtengenezea mtambo wake. Baba alicheka. "Huyu? Kazi anaijua mdomoni tu, mikono hana." Nilikuwa nimesimama pale pale na koleo mkononi. Kesho yake nilikwenda kuomba kazi kwenye kampuni iliyokuwa ikiuza mitambo mipya, wakanichukua, na Baba akaona nimemsaliti. Tukaachana hivyo, kila mmoja kavimba.

Hatukuacha kuonana. Jumapili nilikuja kula, nikakaa kiti changu kilekile, na kati yangu na Baba alikaa Mama.

"Bi mkubwa," Baba angesema, macho kwenye sahani, "mwambie binti yako gari lake linavuja oili."

"Mama, mwambie nimeshaliona."

"Anasema ameshaliona," Mama angesema, huku anatafuna.

Tulikuwa tumekaa karibu kiasi cha kugongana viwiko. Ajabu ni kwamba tulizoea. Mama naye alikuwa na ufundi wake: neno kali likipita kwake lilinifikia limepoa, na ninajua yangu pia aliyapoza. Miaka ilikwenda namna hiyo, na kama kuna aliyemwona akichoka, si mimi wala Baba.

Kisha Mama akaota uvimbe shingoni. Daktari alisema ni tezi, itolewe, na akatueleza bila kuzunguka kwamba neva ya sauti inapita hapohapo. Baada ya upasuaji Mama asiseme hata kwa kunong'ona mpaka yeye amruhusu. Huenda sauti ingerudi ilivyokuwa, huenda ingerudi na mkwaruzo, huenda isirudi. Niliomba likizo nikarudi chumba changu cha zamani ili nimuuguze.

Sijawahi kuishi katika nyumba kimya kama ile. Baba alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, na Mama katikati na bendeji shingoni, akitutazama kwa zamu. Baba alifungua mdomo: "Bi mkubwa, mwambie..." Akaishia hapo. Mama alitikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti mpaka akashika shingo kwa maumivu. Sisi wawili tukainama kumsaidia kwa pamoja, vichwa vikagongana, na hata hapo hakuna aliyesema pole.

Siku ya kumwona daktari, Baba ndiye aliyempeleka, kwa teksi. Alibaki kwenye benchi la nje, Mama akaingia peke yake. Waliporudi nilikuwa mlangoni nawasubiri. Nilimuuliza Mama kwa macho, naye akagusa koo, akatikisa kichwa. Baba alipita moja kwa moja hadi karakana akajifungia. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia. Niliogopa. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, na ndiyo kwanza siku chache zimepita.

Ni katika hali hiyo meneja wa ghala la nafaka alipopiga simu. Mizani ya malori haikuwa ikipeleka uzito kwenye kompyuta ya ofisini, na bila uzito hakuna lori linaloingia wala kutoka. Mitambo yao ilikuwa ya zamani, na mwenye sanduku alibaki Baba tu. Nilimwona akilitoa, akalifungua juu ya meza, akasogeza uso kwenye skrini hadi pua ikakaribia kioo. Hapo ndipo nilipojua kwamba haoni. Alikuwa amewaficha wateja, na mimi sikumkaribia kiasi cha kugundua.

Mama alitutazama wote wawili. Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa gari langu ukutani, akaniwekea kiganjani na kunifumbia vidole juu yake.

Njia nzima tulisikiliza injini.

Kule ghalani Baba alichomeka sanduku kati ya kebo na kompyuta. Vitaa vikawaka. Lori lilikanyaga mizani, na kwenye skrini ya ofisini uzito ukatokea kama kawaida. Meneja akapiga makofi. Baba akachomoa sanduku, akarudisha kebo mahali pake, lori la pili likapanda, na hakuna kilichotokea. Akalirudisha sanduku, uzito ukaja. Akalitoa, kimya. Alirudia mpaka jasho likamtoka.

"Fundi," meneja alisema, "kwani hilo sanduku si tuliache hapohapo?"

"Sanduku si la kuishi hapa," Baba alisema, lakini nilisikia hofu yake.

Niliinama kutazama, nikakiona kile kiwaya chekundu. Baba alikuwa amekiweka kwenye kazi fulani ya nyuma akasahau kukitoa, na kwa macho yale asingekiona kamwe. Maana yake ilikuwa kwamba waya wa kutoa habari umekatika mahali ndani ya kebo, na sanduku, kwa kiwaya kile, ndilo lililokuwa likiisemea mizani ili kompyuta iombe uzito. Fundi mwanafunzi hukagua matundu kabla ya kuwasha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, na kwa kulisahau sharti hilo mwanafunzi mmoja aliwahi kurudishwa kwao.

Nakiri ulimi uliniwasha. Mteja yupo, ilikuwa kama siku ile aliponicheka imerudi, na safari hii koleo analo yeye. Ila nilimtazama anavyokodoa macho, uso karibu na kioo, nikamhurumia baba yangu kwa huruma iliyoniuma. Mama hakuwepo wa kulipoza neno. Basi nikakishika kidole cha Baba.

Aliposhaelewa alisogeza kichwa karibu na changu. Kisha akasema chini chini, kwangu mimi, "Nani kaweka hiki?"

"Ni wewe, Baba."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, lakini kilikuwa changu. Akakichomoa kile kiwaya, vitaa vya upande wa mizani vikazimika, na akamgeukia meneja.

"Waya umekatika ndani ya kebo," alisema. "Binti yangu ndiye aliyeuona. Ana jicho na ana mkono."

Tuliifuata kebo sakafuni hadi chini ya kabati la chuma, ambapo mguu wa kabati ulikuwa umeibana siku zote hizo. Mimi nilimwonyesha mahali, yeye akaunga. Mikono yake ilikuwa bado haitetemeki. Tulipofunga vibana vya sanduku, malori yalikuwa yakipita juu ya mizani na uzito ukitokea bila mtu kuingia kati.

Tukiwa njiani kurudi, Baba alisema, "Tumemchosha mama yako."

"Tumemchosha."

"Na kama sauti haitarudi?"

Nilimwambia ninaogopa, naye akasema anaogopa pia, ni vile tu halii mbele za watu. Tulipofika tulimsimulia Mama habari nzima, sote kwa pamoja, tukisahihishana. Alisikiliza huku akitazama mdomo wa huyu na wa yule, machozi yakimlengalenga.

Safari iliyofuata kwa daktari tulikwenda watatu, na tuliingia sote. Daktari alimpapasa shingo, akaridhika.

"Na sauti inaendeleaje tangu nilipokuruhusu kuzungumza?" aliuliza.

Baba alinitazama. Mimi nilimtazama Mama. Mama alitazama mkoba wake.

"Ulimruhusu lini?" Baba aliuliza.

"Alipokuja mara ya kwanza baada ya upasuaji. Nilimwambia aanze kidogo kidogo."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nalia, kwa sababu Mama alikohoa, akameza mate, na sauti ikatoka, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, yake.

"Nilikuwa nasikiliza tu," alisema.

Tulitoka nje kwenye jua. Baba alitangulia hatua kadhaa na mkoba wa Mama mkononi, shingo imekakamaa, amenuna. Alipofika kwenye gari alisimama akiwa ametupa mgongo.

"Mwulize mama yako," aliniambia, "kama tupite sokoni au twende nyumbani."

"Mwulize mwenyewe, Baba," nikamwambia, nikamwekea Mama ufunguo kiganjani, nikafungua mlango wa nyuma nikaingia, nikawaachia viti vya mbele.