Harufu ya Ndizi Kwenye Koti la Gregory

Mwaka Coletha alipofika kufundisha kemia katika shule ya wasichana pembeni ya mji wa Shinyanga, maabara ya shule ilikuwa ya kuchungulia dirishani tu. Mwaka uliotangulia, mwalimu aliyekuwapo kabla yake alimimina spiriti karibu na taa inayowaka. Mvuke ukatambaa juu ya meza bila mtu kuuona, ukaufikia moto, na wasichana wawili wakabaki hawana nyusi. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, ila habari ilinenepa njiani, na ilipowafikia wazazi ilikuwa imeshakuwa shule nzima imeteketea. Mkuu wa shule, Mwalimu Melania, akaamua kemia isomwe ubaoni.

Coletha alikuwa binti wa mrina asali wa Ushirombo, mzee Telesphori. Tangu utotoni alimwona baba yake akitia mkono ndani ya mzinga uliojaa nyuki, taratibu, bila pupa wala woga, akautoa ukiwa na asali. Kwa hiyo kuwaona wasichana wake wakikariri majina ya vitu ambavyo hawajawahi kuvinusa kulimkera kama mchanga ndani ya kiatu. Alimwendea Mwalimu Melania mara kadhaa, kwa upole, hadi mama yule akachoka kukataa. Alimruhusu jaribio moja, kwa sharti kwamba hataki kuona moto wowote, hata wa njiti ya kiberiti.

Coletha akafikiri, akapata. Angewafundisha kutengeneza esta, kimiminika cha manukato, ile inayonukia ndizi mbivu, maana hiyo huhitaji maji ya moto tu, na maji ya moto yangechotwa jikoni. Siki kali ilikuwepo kabatini, na asidi ya salfuriki pia. Kilichokosekana ni amili alkoholi, na kwa hiyo ilimbidi aende kwenye maabara ndogo ya kupimia maziwa mjini, kwa kijana mmoja aitwaye Gregory, ambaye aliitumia kila siku kupima mafuta kwenye maziwa ya wafugaji.

Gregory alikubali kumpa, tena kwa moyo mweupe. Siku ya pili aliileta mwenyewe kwa baiskeli, chupa imeviringishwa gunia na kufungwa kama mtoto mgonjwa. Akaeleza tabia zake: haina rangi, inashika moto, iwekwe kivulini na kizibo kikazwe, na asiinuse kwa kuisogeza puani, kwani mvuke wake hukwaruza koo. Katika kuonyesha jinsi isivyopaswa kunuswa, aliinusa, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Coletha alimletea maji na kuuma midomo asicheke. Wiki hiyo Gregory alirudi tena kuuliza kama kizibo bado kimekaza, na kesho yake akarudi kuuliza jambo lilelile. Wasichana walianza kutazamana.

Jaribio lilifanyika Jumamosi asubuhi. Madirisha yote yalifunguliwa. Wasichana walivaa miwani ya kukinga macho, wakafunga nywele kwa vitambaa, na Mwalimu Melania akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama abiria anayetaka kushuka wa kwanza. Gregory naye alikuwepo, na koti lake jeupe la kazini limepigwa pasi.

Coletha aliwaonyesha jinsi ya kutia asidi tone kwa tone, polepole, neli ya kioo ikielekezwa mbali na uso wa mtu. Wakazisimamisha neli ndani ya mabeseni ya maji ya moto, wakangoja. Kisha wakamimina kila moja ndani ya bakuli la maji baridi yenye magadi, yakachemka povu bila moto, asidi iliyobaki ikapoa makali. Mwanafunzi aitwaye Anisia, mmoja wa wale waliopoteza nyusi, alikuwa wa kwanza kupunga hewa kwa kiganja kuelekea puani. Akapunga tena. Halafu uso wake ukachanua.

"Mwalimu," alisema, "ni ndizi. Ndizi kabisa, na hapa hakuna ndizi."

Chumba kizima kikajaa harufu ya shamba la migomba. Wasichana walicheka, wakaitana, wakapungiana mabakuli. Mwalimu Melania aliuweka mkoba sakafuni, akaja kunusa mwenyewe, na hakurudi tena mlangoni.

Gregory, katika kusaidia kukusanya esta yote ndani ya chupa moja, alimwagia mkono wa koti lake. Coletha alimwambia alivue lifuliwe mara moja. Kilichomwagika kwenye nguo hakikai kwenye nguo, ndivyo alivyokuwa amewafundisha wanafunzi saa hiyohiyo. Gregory akajibu kwamba manukato kama hayo hayafuliwi, na kwa vile alilisema kwa madaha, na kwa vile Coletha alikuwa na furaha nyingi siku ile, akaliacha lipite. Akamwalika akaone mizinga ambayo wasichana waliitundika kwenye migunga nyuma ya bustani ya mchicha, mradi wao wa kujitegemea.

Walikuwa hawajaufikia mzinga wa kwanza nyuki walipoanza kutoka. Hawakutoka mmoja mmoja. Walimwagika, wakampita Coletha kana kwamba ni mti, wakamwendea Gregory moja kwa moja. Gregory alipiga kofi hewani, akachomwa, akachomwa tena, kisha akasema mguu niponye, huku mikono ya koti ikipepea. Coletha alimkimbilia nyuma, na katika kukimbia, harufu ya ndizi ikampiga usoni, na chini yake kumbukumbu: baba yake akiwakataza watoto kula ndizi siku ya kurina, na ile harufu tamu iliyotoka kwenye ngozi kila nyuki alipoacha mwiba.

"Vua koti," alimpigia kelele. "Gregory, vua, litupe mbali!"

Gregory alilivua akikimbia, akalitupa. Nyuki wengi wakamwacha, wakaliangukia lile koti kwenye nyasi, wakalichoma kola, mifuko, mikono, kwa hasira ya ajabu, na ndani yake hamna mtu. Wawili hao walijifungia jikoni, wakichungulia dirishani. Coletha alimkwangua miiba kwa ukucha, bila kuiminya, akihema na kucheka kwa pamoja, na Gregory, ambaye jicho moja lilikuwa linaanza kufumba, alisema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza Coletha kumwita jina lake bila kuweka "Bwana" mbele.

Shida ni kwamba kesho yake mzee Telesphori alikuwa anakuja kumsalimu binti yake, na Gregory alikuwa ameomba ajulishwe kwake. Alikuja hivyohivyo. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga, na mdomo wa juu umemtangulia mlangoni. Aliinama akasema shikamoo, ikatoka kama anazungumza na kiazi cha moto kinywani. Mzee aliitikia marahaba, akamtazama kwa muda, akamgeukia Coletha.

Coletha alileta pamba yenye tone moja la esta na kumsogezea baba yake kwa mbali. Mzee alinusa, akasukuma kiti nyuma, akaangalia darini na kwenye pembe za chumba.

"Nani amechomwa humu?" aliuliza.

Hapo Coletha alishindwa kujizuia. Alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akamsimulia baba yake yote, maziwa, siki, magadi, koti. Mzee alisikiliza akitingisha kichwa, akataka kunusa tena, na tena. Alisema miaka yote aliijua harufu hiyo kama anavyoijua sauti ya mkewe, lakini hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuipika kwenye beseni, na huyo mtu awe mwanawe. Alilirudia hilo kwa sauti ya chini, akafuta macho.

Jumatatu Coletha aliwaambia wanafunzi alichokishuku, kwamba huenda nyuki anapochoma huacha harufu ya kuwaita wenzake, na kwamba harufu hiyo ndiyo waliyoitengeneza. Wakaamua kuwauliza nyuki wenyewe. Walifunga pamba tatu kwenye fito ndefu, moja ina maji, moja ina alkoholi peke yake, moja ina esta, wakazisimika karibu na mzinga na kukimbilia jikoni. Madirisha yalijaa vichwa. Pamba mbili za kwanza zilikaa salama. Ile ya tatu iligeuka nyeusi kwa nyuki. Anisia alikumbatiana na mpishi. Mwalimu Melania alisema, bila kuondoa macho dirishani, kwamba sasa maabara ifunguliwe siku zote, na kwamba yeye mwenyewe angependa kujua asali imetengenezwa na nini.

Mzee Telesphori alikaa wiki nzima badala ya siku mbili. Alipoondoka alimwambia Gregory, ambaye jicho lilikuwa limeshafunguka, aende Ushirombo wakati wa kurina, akajifunze kusimama mbele ya mzinga kama mwanamume. Gregory alikwenda. Kiangazi kile yeye na Coletha walipanda basi la Kahama pamoja, na usiku wa kwanza wa safari ya porini walikaa kando ya moto wa mzee wakila asali ya moto na masega yake, vidole vikinata, huku mzee akiwaimbia wimbo wa warina ambao Coletha alidhani ameshausahau.