Redio ya Kushoto

Mwalimu mstaafu wa hesabu hakuwahi kuitwa mwongo maishani mwake, na sasa alikuwa ameitwa hivyo na kinyozi, tena mtandaoni, mbele ya kila mwenye simu.

"Redio mbovu. Swichi ya sauti imegeuka. Muuzaji si mkweli, nairudisha." Watu kumi na wawili walikuwa wameshaweka alama ya kicheko chini ya maneno hayo.

Alivaa miwani akalisoma upya tangazo lake, alilolitunga kwa siku mbili kama mtihani wa taifa: redio ya kaseti, ya zamani, imetunzwa na fundi, haina kasoro hata moja. Hakuona pa kusahihisha. Akampigia mnunuzi.

"Mwanangu, sauti unaizungushia upande gani?"

"Kulia, mama. Kama redio zote."

"Sasa kulia si ndiyo kupunguza?"

Kinyozi akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa: "Mama, kulia ni kuongeza. Jana mteja kapigiwa simu, nikataka kumpunguzia muziki. Redio ikafoka, jamaa akaruka na wembe uko shingoni. Nusura nimnyoe sikio!"

Mwalimu alipokata simu alikaa kitandani katikati ya maboksi. Kulia ni kuongeza, bila shaka. Yeye aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na tano hakuhitaji kuambiwa na kinyozi. Ila kwa redio ile moja alikuwa amesahau, kabisa, kama mtu anavyosahau kwamba mlango wa kwao hufunguka kwa kusukumwa na goti.

Marehemu mumewe alikuwa fundi redio. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa aliifungua redio ya nyumbani kubadili swichi iliyokuwa ikikwaruza, akachomelea nyaya kinyume. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mume naye, mtu ambaye angekiri wizi kabla ya kukiri kosa la kazi, alikunja uso akasema redio hiyo imetengenezewa watu wenye akili. Basi ikabaki hivyo. Watoto walikua wakiongeza sauti kwa kushoto, na mgeni akithubutu kuigusa, nyumba nzima ilimpigia kelele. Kila asubuhi mwalimu alinyoosha mkono gizani, akazungusha kushoto, na taarifa ya habari ikaanza huku mume akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Alizitamani asubuhi zile. Angetoa chochote asikie tena kile kiatu kikitafutwa.

Sasa alikuwa anahamia kwa binti yake, na binti alishatoa amri: "Mama, njoo na nguo na vitabu vyako. Hayo makorokoro mengine uza, hakuna pa kuyaweka." Ndiyo maana redio ikaenda kwa kinyozi.

Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Alipopigiwa tena na kuelezwa kisa, alisema nyaya zikigeuzwa ataichukua redio na kuyafuta maneno yake mtandaoni. Binti naye, alipoelezwa, alicheka kwenye simu: "Dakika tano tu hizo, mama! Igeuzwe yaishe."

Mwalimu na kinyozi wakakutana kwa mzee fundi wa karibu na stendi, aliyegombea wateja na marehemu kwa miaka ishirini na kumlilia siku ya mazishi kuliko ndugu zake. Alisikiliza mashtaka ya pande zote mbili, akatabasamu.

"Kwa hiyo bwana mkubwa alikosea!" alisema. "Shemeji, hii ningeijua mapema ningeiandika kwenye kibao cha duka."

Akachomeka pasi ya kuchomelea, akafungua skrubu za nyuma, akaung'oa mfuniko. Akaugeuza kwenye mwanga. Tabasamu likamfutika usoni.

"Shemeji, hebu soma mwenyewe."

Mafundi wana desturi ya kuandika ndani ya chombo kazi waliyoifanya na siku yake. Kwa penseli iliyofifia, kwa ule mwandiko wa kulala wa mumewe aliokuwa akiukosoa kila siku, mwalimu alisoma:

*Jumatatu. Sauti ilikuwa kinyume. Kosa langu. Nimeweka sawa.*

Na chini yake:

*Jumatano. Nimerudisha kinyume. Mwalimu kazoea.*

Kumbukumbu ikamjia. Watoto walikuwa bado wadogo. Asubuhi moja alizungusha kushoto, redio ikawa bubu, naye akamgeukia mumewe: umeiharibu tena, wewe fundi gani? Mume aliibeba akaenda kuifungua. Ilipopona, mkewe alimwambia, "Umeona? Ukikubali kusahihishwa mambo yananyooka." Naye akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," akicheka kicheko ambacho mkewe hakukielewa, wala hakujisumbua kukiuliza.

Kumbe alishakiri. Alikiri kwa penseli, gizani ndani ya redio, halafu akaichafua kazi yake safi kwa mikono yake ili mkewe asihangaike alfajiri. Mwalimu aliushika ule mfuniko kifuani, akalia mbele ya wanaume wawili bila haya.

Pasi ilikuwa imeshapata moto. "Nigeuze?" fundi aliuliza, ingawa mkono wake haukusogea.

Kinyozi alikohoa. "Mama, iache tu hivyo. Nitazoea."

"Hutazoea," alisema mwalimu, akijifuta macho kwa kitambaa. "Na wateja wako wana masikio mawili mawili tu."

Alimrudishia fedha zake palepale. Kinyozi akatoa simu ili ayafute yale maneno, lakini mwalimu akamzuia. Yaache, alimwambia. Chini yake akaandika mwenyewe, kwa nukta na herufi kubwa mahali pake: "Mnunuzi amesema kweli. Redio ina kasoro. Kosa langu."

Jioni alishuka kwenye teksi kwa binti yake akiwa na masanduku mawili na redio kwapani.

"Mama! Si tulikubaliana?" Binti alikuwa jikoni, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. "Utaiweka wapi sasa? Juu ya kichwa changu?"

"Juu ya friji."

"Friji hii ina vyombo vyangu."

Mwalimu alisogeza vyombo, akachomeka waya, akaiwasha. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza, kwa mbali sana, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

"Halafu hata haisikiki," binti alilalamika, na bila kugeuka kutoka kwenye sinki akanyoosha mkono wenye povu, akaizungusha sauti.

Kushoto.

Habari zikajaa jikoni. Binti aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mama yake, na hakuondoa kidole kwenye swichi.

"Ongeza kidogo," alisema mama.