Watoto wa Bandi Kumi na Wanne

Kosa lilikuwa la herufi moja, na Honoré mpaka leo anakana kwamba lilikuwa kosa.

Sijaona, fundi cherehani wa mtaa wetu, alimpa karatasi iliyoandikwa vizuri kabisa: TAMASHA LA KIMATAIFA LA WATOTO WA BANDIA. Maneno aliyachukua kwa shangazi yake wa Kigoma. Huko mtoto wa bandia ni mwanasesere, yule wa nguo na vijiti, na Sijaona alitaka Kiswahili cha heshima kwenye kitambaa kitakachotundikwa barabarani. Honoré, mchora vibao, akaisoma karatasi mara mbili. Hapa Bujumbura neno hilo hatuna. Tuna bandi, yule anayekuja na bunduki na kuondoka na mbuzi, redio na godoro. Basi Honoré akasahihisha. Mahali pa ile A akachora ua.

Jumatatu asubuhi mji mzima ukasoma: tamasha la kimataifa la watoto wa bandi.

Mwaka ule wa 2002 watu walikuwa hawatoki hata kwa ubatizo. Mabomu ya waasi yakitoka milimani yalianguka popote yalipopenda, na jioni kila mtu alikuwa ndani kwa amri ya couvre-feu. Lakini umbea haujawahi kutii couvre-feu. Saa sita mchana mtaa wa Kamenge walikuwa wakisema mabandi wameleta watoto wao waonyeshwe kwa serikali. Saa kumi Buterere wakasema kila mtoto atasimamishwa na jina la baba yake litatajwa hadharani. Kinanira, kule kwenye mageti, walipiga simu kuuliza kama viti vya mbele vimebaki. Wanawake watatu ninaowajua waliacha kusalimiana na hawakueleza kwa nini.

Sijaona alipoona kitambaa alikaa chini. Miezi mitatu alikuwa akishona wanasesere kumi na watatu. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba nguo ambayo mwenyewe haivai tena, na nyumba gani mwaka ule ilikosa nguo ya namna hiyo? Wa kumi na nne alikuja kwa posta kutoka Ubelgiji, wa mbao, macho ya bluu. Mwenye kumchezesha aliandika kwamba hali ya usalama haimruhusu yeye kufika, ila mwanasesere anaweza. Huyo ndiye aliyekuwa kimataifa yetu, pamoja na Cirimwami, mchezeshaji kutoka Bukavu, aliyevuka mpaka na begi moja. Sijaona alitaka kitu kimoja tu: alasiri moja, watu wa mitaa yote wakae ukumbi mmoja bila kuulizana wametoka wapi.

Jumamosi saa nane nilikuwa mlangoni, kazi yangu kukaribisha. Ukumbi wa viti mia mbili uliingia watu mia nne, na wengine walikuwa madirishani. Nimeona harusi nyingi, lakini nyumba iliyojaa vile, apana.

Kisha akaingia Chef, mkuu wa usalama wa mtaa, na askari wawili na daftari jipya. Alitaka wale watoto wapangwe mstari. Sijaona akawaleta, kumi na wanne, akawaegemeza kwenye benchi. Chef akawatazama muda mrefu. Cirimwami akainua mmoja, akamchezesha mkono, mwanasesere akamsalimu Chef, na Chef, kwa mazoea, akaitikia.

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Chef hakuweza. Alikwisha kuwaandikia wakubwa wake kwamba Jumamosi atawapelekea majina kumi na manne, na barua ya Chef hairudi nyuma.

"Mi nimekuta batoto kumi na ine," akasema. "Mwenye baba anabaki. Mwenye hana baba ni wa bandi, ninamupeleka."

Sijaona akamweleza kwamba ni vitambaa. Chef akamjibu kwamba kitambaa kilichoko barabarani kinasema vingine. Akawaonyesha askari gunia.

Sijaona hakulia. Alishika ncha ya gunia upande mmoja, askari upande wa pili.

Daphrose, muuza dagaa, ndiye aliyesimama kwanza. Mwanamke huyu hata kwenye misiba haongei.

"Ule wa shati ya manjano ni wangu," akasema. "Baba yake ni Mawazo. Iyo kola niliigeuza mi mwenyewe."

Mawazo, mumewe, alitoka kununua mkaa mwaka wa tisini na tano. Chef akauliza baba yuko wapi sasa. Daphrose akasema hiyo ni kazi ya Chef, yeye ndiye mkuu wa usalama. Chef akaandika.

Baada ya hapo ikawa kama sokoni. Dévote wa Kamenge na mama mmoja wa Kinanira wakagombea mwanasesere mmoja, kwa sababu Sijaona alimpa suruali ya nyumba hii na koti la nyumba ile. Wakatukanana kidogo, kisha wakatazamana, kisha Chef akaandika mama wawili. Mzee Sulemani fundi wa magari alidai watatu, na mkewe akamwambia watazungumza nyumbani.

Akabaki yule wa Ubelgiji. Hana nguo ya mtu. Chef akamshika shingo.

Nyuma kabisa akasimama mwanamume mwembamba, mabuti ya mpira hadi magotini, matope ya mlimani bado mabichi. Kila mtu aliyaona mabuti yale, na kila mtu akaanza kutazama dari.

"Uyo ni wangu," akasema.

Chef akatazama mabuti. Akatazama macho ya bluu. Akawatazama askari wake wawili, na watu mia nne.

"Amefanana na mama yake," akasema Chef, akaandika.

Mchezo ukaanza. Ulikuwa wa wanasesere kupigana, lakini haukufika mbali, kwani kila kofi lilipotua mzazi alisimama kudai mwanawe aombwe msamaha. Cirimwami alisema kote alikocheza hajaona kitu kama kile. Tulimaliza mapema ili watu wawahi makwao.

Jumapili Sijaona akahesabu kumi na watatu. Chef naye akapita kukagua, akahesabu vilevile, akauliza wa kumi na nne yuko wapi.

"Ameenda kwa baba yake, Chef," akasema Sijaona, na uzi mdomoni.

Chef akafungua daftari, akasoma mstari wa mwisho kwa kidole, akalifunga.

"Ni kweli," akasema. "Imeandikwa."