Ukurasa wa Kunawa Mikono

Dada yangu ana masikio, jamani. Wimbo upite redioni mara moja tu, jioni anauimba wote huku anapiga deki, na hakosei hata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mtu wa namna hiyo ukijitia kumfundisha kusoma, umepatikana. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nimeisomea kazi hii, na bado nilipatikana.

Dada anafanya usafi hospitalini. Magoti yamekwisha, akiinama kusugua chini ya vitanda, kuinuka ni mpaka ashike chuma. Na kampuni ya usafi imeshasema mkataba mpya ukianza haitaki wenye magoti mabovu. Ikatokea nafasi mapokezi, kazi ya kukaa kwenye kiti na kupanga mafaili. Sharti moja tu: usome kwa sauti ukurasa wa maelekezo ya hospitali, kwa Kiingereza, bila kukwamakwama. Herufi anazijua. Kiingereza cha kusikia anacho, kwa kuwasikiliza madaktari miaka yote hiyo. Shida ni kwamba alikuwa anasoma neno moja moja kwa kidole, na akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshampotea.

Dawa ya hilo naijua. Unachukua ukurasa mmoja. Mwalimu anasoma sentensi, mwanafunzi anairudia; kisha mnasoma pamoja; kisha anasoma peke yake, tena na tena, mpaka ulimi ulainike. Watoto wangu darasani wamefunguka kwa njia hiyo. Dada akaleta tangazo lililobanduka ukutani hospitalini, la kunawa mikono, tukaanza. Kila akitoka kazini tulikaa jikoni kwangu, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.

Mwanzoni alisota kweli. Halafu ghafla akafunguka. Akawa anateremka tu, sauti inapanda panapopanda na kutua panapotua. Mume wangu aliweka kijiko chini kumsikiliza. Mimi nikaanza kujigamba kwa walimu wenzangu, mdomo wangu huu.

Siku moja kabla ya usaili ndipo niliposikia "eeh". Nina tabia, nikimaliza aya nasukuma miwani juu na kusema eeh. Dada alimaliza aya ya kwanza, akasema eeh, akaendelea. Aya ya pili, eeh. Nikatazama kidole chake. Kilikuwa nyuma kabisa ya mdomo.

Nikachukua karatasi, nikaandika maneno yaleyale ya kwenye tangazo kwa sentensi nyingine. Akakwama kwenye neno la kwanza. Nikampa kitabu cha watoto wangu, akasota vilevile kama mwanzo. Nikamweleza taratibu kwamba ule ukurasa ameukariri, hausomi. Akaudhika.

"Mdogo wangu, watu wote wanasikia nasoma, wewe tu ndiye husikii," alisema. "Kesho nasimama mbele za watu. Usinivunje moyo leo."

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa sina meno. Nifanyeje? Njia nyingine zipo, ninazijua, lakini zote zinataka muda, na tulichobakiwa nacho ni jioni moja. Nikamrudishia tangazo lake. Akasoma, nikampigia makofi.

Kesho yake nilimsindikiza. Niliomba kimoyomoyo wampe ukurasa uleule. Ndiyo, mwalimu mzima naomba hivyo. Alipoingia, mlango ulibaki wazi kidogo, na kwenye benchi la nje niliweza kumwona akipokea karatasi. Juu yake ilikuwa na picha ya mikono miwili chini ya bomba, ileile. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona michoro ya glavu na pipa la taka. Tangazo letu halikuwa na glavu. Kumbe matangazo yao yote ya usafi yanaanza na picha hiyo moja.

Dada alipoiona ile mikono alitabasamu, akaanza.

Alisoma vizuri kuliko siku zote. Alisoma maji yanayotiririka, alisoma sabuni, alisoma kukausha vidole kimoja kimoja, huku ameshika karatasi inayoeleza jinsi ya kuvua glavu na kuzitupa. Kidole kinatembea juu ya mistari, hana habari. Nilitaka kukohoa, nidondoshe mkoba, niingie. Ningeingia niseme nini? Wasaili walitazamana. Mmoja wao, mama wa makamo, aliinua mkono amsimamishe, kisha akaushusha, akamwacha afike mwisho. Wakamshukuru. Wakamwambia watapiga simu.

Akatoka akichechemea, uso unang'aa.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Dada."

"Sikukwama hata mahali pamoja."

"Hata pamoja," nilisema.

Alinishika mkono tukaelekea nje, anaongea njia nzima: kile kiti cha mapokezi atakiwekea mto, na dekio lake atampa shoga yake wa wodi ya watoto. Karibu na mlango akasimama mbele ya tangazo jingine, refu, ambalo hajawahi kusomewa. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

"Hili nalo tulijue," alisema. "Anza wewe, mimi nakufuata."

Nikaanza, naye akanifuata neno kwa neno, kwa sauti yangu.