Jina Katika Mstari wa Mwisho

Mahujaji waendao Pandharpur, kwa mungu Vithoba, ambaye sanamu yake husimama juu ya tofali imeshika kiuno, walikuwa wamefika kwenye kivuko cha mto chenye matope pale Mzee Bhiku, kiongozi wa waimbaji, alipoanzisha wimbo wa Dhondiba. Dhondiba, mfumaji wa mablanketi ya sufu, aliutunga mwenyewe na kumwimbia mzee mara moja tu. Sasa kijiji kizima kiliupokea. Dhondiba akapiga matoazi kwa nguvu, akingoja mstari wa mwisho, ambamo kila mtunzi hujitaja.

"Raghoba asema," akaimba Mzee Bhiku, "nijibu!"

Raghoba alikuwa mtunzi mtakatifu wa kijiji chao, aliyekufa zamani. Dhondiba aliyatupa matoazi matopeni.

"Mzee, hilo si jina langu!"

"Najua. Okota, twende."

"Siendi."

"Kijana, watu wakisikia 'Dhondiba asema', watauliza Dhondiba yupi. Yule aliyemrushia shemejiye sufuria?" Wanaume wakaangua kicheko. "Raghoba wanamheshimu."

"Raghoba hakuoa wala hakuzaa! Wimbo unasemaje? 'Umeshika kiuno, Vithoba, watazama tu. Binti yangu kafa kwa homa, nawe hukushuka kwenye tofali lako.' Binti wa nani huyo? Mimi namshitaki Mungu hadharani, wewe kesi unambambikia marehemu!"

"Nilidhani unatafuta sifa," mzee akasema.

"Sifa nazo nazitaka. Sikatai."

Mzee akavua shingoni zeze la kiongozi, akamvisha. "Haya, shitaki mwenyewe. Vithoba akikasirika, mimi simo."

Dhondiba akaimba. "Dhondiba asema, nijibu!"

Hakuna aliyepokea. Hawakuzoea kuimba jina la mtu wanayemwona, tena mwenye matope hadi magotini. Ndipo sauti ikatoka safu ya wanawake. Ilikuwa ya Saku, mkewe, ambaye tangu msiba hakuwa amemtaja mtoto. Wala jina la mumewe hakuwahi kulitamka. Kwao mke hamtaji mume.

"Dhondiba asema, na Saku asema: tujibu!"

"Wee! Umemtaja!" jirani yake akamfinya.

"Nimemtaja. Binti alikuwa wake peke yake?"

Dhondiba alifungua kinywa kulalamika kwamba mstari umerefuka, mizani imeharibika. Kisha akaimba kama alivyoimba Saku, wanawake wakapokea, halafu wanaume, wakaingia majini.